Vipande vya tamthilia vilivyoniliza, kuanzia sebuleni kwa mwalimu kule Tukuyu

Juzi umeme ulikatika hapa Mwanjelwa, Mbeya mjini, mida ya saa tatu usiku tukiwa katikati ya tamthilia, watoto wakapiga yowe, mke wangu akawasha tochi ya simu akaisimamisha kwenye glasi, basi ikawa ni kupiga stori tu za tamthilia tulizowahi kuangalia, kila mtu anataja kipande kilichomliza. Mke wangu akataja vyake vitatu fasta fasta. Ilipofika zamu yangu nikaanza kusimulia cha Isidingo nikashindwa kumaliza, sauti ikagoma kabisa, nimekaa pale nakohoa kohoa mpaka umeme ukarudi na watoto wakasahau nilikuwa nasema nini. Sasa nimeamua nikiandike hapa, na vingine viwili vitatu, maana ukiandika sauti haigomi.

Kwanza mjue kitu kimoja. Mi tamthilia nyingi za maisha yangu sijaziangalia kama watu wengine wanavyoangalia, nimeziangalia nikiwa mkalimani. Kwetu kama kuna mtoto amefika sekondari basi huyo ndo anakaa mbele karibu na tivii, wakubwa wanakaa nyuma kwenye makochi, na kila mzungu au msauzi akifungua mdomo macho yote yanakugeukia wewe, "anasemaje?" Na kuna njia mbili za kutafsiri. Ya kwanza unasema "anasema kwamba anaumwa". Ya pili unasema tu "naumwa". Ya kwanza inachosha na inakuchelewesha, ukimaliza "anasema kwamba" mwenzio ameshaongea sentensi mbili mbele, kwa hiyo kila anayetafsiri sana mwisho wa siku anahamia ya pili, anakuwa yeye ndo mhusika. Mtu akifiwa kwenye tivii wewe ndo unasema "mwanangu amekufa", kwa mdomo wako, mbele ya bibi yako. Huwezi kujificha nyuma ya "anasema". Ndo maana vipande vyangu vinanikaa hivi, nimevitamka.

Haya, Isidingo.

Wa rika langu mnaijua, ilikuwa inarushwa ITV, ya Afrika Kusini, kule kwao ilianza Julai 1998. Mgodi wa Horizon Deep, familia ya kina Matabane, Barker Haines na ubaya wake, Cherel ambaye bibi yangu alikuwa akimwona tu anasonya. Sisi nyumbani hatukuwa na tivii. Mwenye tivii alikuwa jirani yetu mwalimu, tivii ya chogo imefunikwa kitambaa cha kufuma, nje dishi kubwa limesimamishwa kwenye migomba, na ukifika unavua viatu mlangoni kwenye rundo la viatu vya watu wote, vimejaa tope, maana kwetu Tukuyu, huko huko mkoani Mbeya, mvua haituachi, inanyesha karibu mwaka mzima. Bibi alikuwa haendi mikono mitupu hata siku moja. Atabeba parachichi, atabeba maziwa kwenye chupa ya soda amefunga kwa kipande cha mfuko, ndo anaingia, anamsalimia mwenye nyumba, anakaa kwenye kochi lake lile lile la pembeni.

Mwaka huo 2005 mi nipo form two. Kiingereza nilichokuwa nacho ni cha form two hicho hicho, lakini pale ndani nilikuwa ndo mtaalamu baada ya mwalimu, na mwalimu alikuwa anapenda kuniachia, anasema nifanye mazoezi.

Sasa kulikuwa na binti anaitwa Nandipha. Mzuri, msafi, anaongea taratibu. Na Nandipha kwenye ile stori ana virusi vya ukimwi. Lazima niwaeleze ukimwi ulikuwa ni nini kwetu miaka hiyo ndo mtaelewa. Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 uliikuta nchi nzima ina maambukizi asilimia 7 kwa watu wa miaka 15 mpaka 49, halafu mkoa wa Mbeya ukakutwa na asilimia 13.5, juu ya mikoa yote, na Iringa wanatufuata kwa karibu sana na 13.4. Hizo namba nilikuja kuzisoma ukubwani. Utotoni tulikuwa tunazijua kwa njia nyingine, kwa idadi ya misiba ya vijana kwenye kitongoji kimoja, na kwa wenzetu darasani wanaolelewa na bibi. Na kwa maneno. Hakuna aliyekuwa anautaja kwa jina. Ulikuwa unaitwa ugonjwa huu wetu, au miwaya, na msibani inasomwa kwamba marehemu alisumbuliwa na kifua.

Mama yangu mdogo alisumbuliwa na kifua mwaka 2002.

Alikuwa ndo kitinda mimba wa bibi. Aliletwa nyumbani kutoka mjini kwenye gari la mizigo, amelala juu ya magunia, na bibi alimhudumia miezi minne. Mi ndo nilikuwa nashika taa ya chemli wakati bibi anamlisha uji usiku. Mama mdogo alikuwa na uso wa duara, watu walikuwa wanamtania toka mdogo kwa mashavu yake, na mashavu ndo yalitangulia kwenda. Yaani kijiko kikiingia mdomoni unakiona kwa nje, umbo lake, chini ya ngozi. Sijawahi kukisahau hicho kijiko. Bibi alikuwa anamfuta mdomo na ncha ya kanga halafu anamshika shavu kidogo na kiganja, kama anapima kitu, kila baada ya kijiko.

Basi siku hiyo, 2005, tupo kwa mwalimu, sebule imejaa, Nandipha anaongelea hali yake. Na mi kwa mazoea yangu nikatafsiri kwa "mimi". Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "nina virusi vya ukimwi". Mvulana wa miaka kumi na nne, mbele ya watu wazima wote wale. Sebule nzima ikawa kimya, mke wa mwalimu akanyanyuka akasema anaenda kuangalia maharage jikoni, na mi nikawa nimeganda nimeangalia skrini maana nilijua nikigeuka nitakutana na uso wa bibi.

Bibi akauliza, "Huyo binti ana ule ugonjwa?"

Nikamwambia ndio bibi.

Akakaa. Nandipha bado yupo kwenye skrini, uso mzima umejaa kioo. Bibi akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hawezi kununua, "Mbona ana mashavu?"

Mi sikuwa na jibu. Aliyejibu ni mwalimu. Akamwambia, mama, kuna dawa. Haziponyeshi ila mtu anaishi, anafanya kazi, ananenepa kama kawaida. Wasauzi wanazo, na hata sisi huku zimeanza kutolewa bure hospitalini toka Oktoba mwaka jana. Bibi akarudia neno moja tu, "bure?" Mwalimu akasema bure.

Tuliondoka kabla haijaisha. Mvua inanyesha, bibi amejifunika jani la mgomba kichwani na mi la kwangu, njia yote haongei. Tulipofika kwenye kizingiti cha nyumba akasimama anakung'uta maji kwenye kanga, akasema, wala hakuwa ananiambia mimi, "Miaka miwili." Akaingia ndani.

Miaka miwili ndo mama mdogo alichelewa. Yaani dawa ndo zilichelewa.

Wiki iliyofuata bibi alimwamsha mjomba wangu alfajiri, huyu alikuwa ameshaanza kukohoa na kila mtu anajifanya hasikii, akamwambia vaa viatu tunaenda hospitali, mjomba akasema mama mi nina homa tu, bibi akamwambia vaa viatu. Mjomba amenikubalia niandike hili, nimempigia simu jana kumuuliza. Yupo kwenye dawa mwaka wa ishirini sasa, ana miti ya parachichi na mwaka huu ameuza vizuri, na ukimwona ana mashavu kuliko mimi. Nandipha wa watu, kule Johannesburg, hajui.

Nikisema tivii imewahi kuniliza ndo namaanisha hiki. Vingine vyote vinafuata kwa mbali, lakini vipo.

Prison Break niliiangalia kwenye kibanda umiza, hapa hapa Mwanjelwa, 2008 hivi, nimehamia mjini kwa shangazi kumalizia shule. Kiingilio shilingi mia mbili, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa na maboksi, joto la watu hata mwezi wa saba Mbeya inapoganda humo ndani unatoka jasho. Mwenye kibanda aligundua naweza kutafsiri akanifutia kiingilio, kwa hiyo nasimama pembeni ya tivii kama mhubiri. Wateja wenyewe makonda, vijana wa sokoni, wachoma mahindi, na mzee mmoja mlinzi ambaye anakuja kabla ya zamu yake na koti lake na rungu, anakaa benchi la mwisho.

Watu wengi ukiwauliza Prison Break watakutajia siku Lincoln, yule mfungwa aliyehukumiwa kifo, anafungwa kwenye kiti cha umeme. Sawa, kile kipande ni kikali. Lakini mi nasema cha Westmoreland kinakizidi. Yule mzee wa paka, Charles Westmoreland, mfungwa mkongwe pale gereza la Fox River, kwa muda mrefu hata hakutaka kutoroka, kilichomfanya aingie kwenye mpango ni kusikia binti yake anakufa na kansa na yeye yupo ndani. Basi usiku wa kutoroka wenyewe, episodi ya 21 kati ya 22 za sizoni ya kwanza, wameshatoboa, wameshapita kote, wamefika kwenye chumba cha hospitali ya gereza ambako ndo dirisha lipo, uhuru unauona, na mzee ana jeraha la tumboni damu imemwishia. Hawezi kuendelea. Anabaki. Anamwachia Michael, mdogo wake Lincoln mwenye mpango wa kutoroka, siri ya dola milioni 5 alizoficha zimefukiwa wapi, na anamtaja binti yake.

Mi nipo pembeni ya tivii natafsiri kwa "mimi". Nikasema, "mimi siwezi tena, nyie nendeni." Na kutoka benchi la mwisho yule mzee mlinzi akanijibu. Mimi, sio tivii. Akasema kwa sauti nzito, "Usiseme hivyo mzee mwenzangu, jikaze." Hakuna aliyecheka. Kibanda chenye watu sitini ambao kwa kawaida wanapiga miluzi hata kwenye matangazo, hakuna aliyecheka, konda mmoja mbele yangu kavuta kofia kufunika macho. Nilimaliza ile episodi naongea kwa shida. Baadae nilikuja kujua yule mzee ana binti yake alikuwa anaumwa kule kwao Rungwa, na nauli ya kwenda ilikuwa haijapatikana.

Chuo nilisoma Iringa, 2011 mpaka 2014, na huko ndo nilikutana na rafiki yangu mmoja wa Tunduma, tulipanga chumba kimoja. Simtaji jina. Baba yake alikuwa dereva wa malori makubwa, Dar kwenda Lubumbashi, kupitia Tunduma, na kwa mtoto wa dereva ile barabara ndo baba mwenyewe. Iringa mjini ipo juu mlimani, barabara kuu inapita chini Ipogolo, na usiku wa baridi ukiwa kitandani unayasikia malori yanavyolia yakipunguza gia. Huyu rafiki yangu mwaka wa kwanza alikuwa anashuka Ipogolo Jumamosi anakaa pale kwenye vibanda vya chai anaangalia namba za malori. Alikuwa anasema anaenda kununua viazi. Mwaka wa pili akaacha kwenda. Baba yake alikuwa ameanzisha familia nyingine upande wa pili wa mpaka na hata simu alikuwa hapokei.

Chumbani tuliangalia Jumong yote, episodi 81 za Korea, kwenye laptop moja, tumejifunika mablanketi mpaka kichwani. Humo ndani sifa zote watu wanampa Jumong na mishale yake, na fundi chuma Mopalmo ambaye kila upanga anaotengeneza unavunjika mpaka siku moja hauvunjiki. Ila kinachouma ni Haemosu. Shujaa mzima, wamempofusha macho, wamemfungia pangoni miaka ishirini. Jumong anakutana naye hajui ni baba yake, na mzee hajui ni mwanae, anamfundisha kupigana, anamfundisha kila kitu ambacho baba anamfundisha mtoto, wanaitana mwalimu na mwanafunzi. Halafu Haemosu anauawa. Na Jumong anakuja kuambiwa baadae kwamba yule alikuwa baba yako. Rafiki yangu kwenye hiyo hakusema neno, alifunga laptop akatoka nje, akarudi saa nzima baadae na chapati. Sikumuuliza.

Ile iliyomfungua ni nyingine kabisa, tena komedi.

James Avery alifariki tarehe 31 Desemba 2013, yule aliyekuwa Uncle Phil kwenye The Fresh Prince of Bel-Air, na wiki hiyo ya mwanzo wa 2014 kila mtu alikuwa anarusha klipu moja. Kama hamjaiona ni hivi. Episodi ni ya 1994. Will analelewa kwa mjomba wake Phil, mume wa dada wa mama yake, yaani baba mkubwa au baba mdogo kwa hesabu zetu za Kiswahili ila kule wote wanaitwa uncle. Baba yake, Lou, aliondoka Will akiwa mdogo, anarudi baada ya miaka 14, na Lou ni dereva wa lori. Anamwahidi Will watasafiri wote kwenye lori. Will anafurahi, anafungasha begi. Uncle Phil anapinga, Will anamwambia wewe sio baba yangu. Halafu siku ya safari Lou anakuja na sababu, kuna kazi imejitokeza, tutaonana. Anataka hata kuondoka bila kumwambia Will, Will anaingia anamkuta.

Mi nilikuwa nimeshika simu, tunaangalia wote, rafiki yangu Kiingereza anakijua vizuri tu, hahitaji mkalimani, ila mazoea ni mazoea nikawa naropoka kwa Kiswahili chini chini. Baba akishaondoka Will anajifanya hajali. Anaanza kuhesabu, nilijifunza kufunga kikapu bila yeye, nilijifunza kuendesha gari bila yeye, kunyoa ndevu bila yeye, nimesherehekea birthday kumi na nne bila yeye na hakuwahi hata kunitumia kadi moja. Sauti inapanda. Anasema nitakuwa baba bora kuliko yeye. Mwisho inamkatika, anageuka anamuuliza mjomba wake, "kwa nini hanitaki?"

Uncle Phil hajibu. Anamkumbatia tu. Na kamera inashuka kwenye zawadi ambayo Will alikuwa amemnunulia baba yake, kisanamu cha baba na mtoto.

Hiyo "kwa nini hanitaki" nilishaitamka kabla sijajua natamka nini. Na nipo pembeni ya nani. Rafiki yangu akachukua simu mkononi mwangu. Nikajua anaizima, lakini akarudisha nyuma, na hakurudisha pale pa mwisho ambapo dunia nzima inalia, alirudisha pale pa kadi. Akaangalia. Akarudisha tena. Akaniambia, unajua dingi alikuwa anatuma kitu. Kila akipita Tunduma kama hana muda wa kushuka anamwachia utingo wa gari lingine, mfuko wa sukari, viatu vya shule, mara moja alituma redio. Viatu siku zote vikubwa kwa namba mbili, anasema utakua. Halafu siku moja ikaacha tu kuja. Hakuna aliyetuambia imeacha, sisi tukawa tunasubiri.

Tukakaa hivyo hivyo. Chini huko Ipogolo lori linapunguza gia.

Kwenye mtandao wanapenda kusema Will Smith alikuwa analia kweli pale, kwamba aliacha maandishi akaongea ya kwake sababu baba yake alimkimbia. Sio kweli. Baba yake Will Smith alikuwepo kwenye maisha yake, alikuwa fundi majokofu kule Philadelphia. Alichosimulia Will mwenyewe ni kwamba wakati wamekumbatiana pale, James Avery alimnong'oneza sikioni kwamba sasa hiyo ndo kuigiza. Kwangu hilo linaongeza uzito. Kumbe mtu ambaye hajaachwa na baba yake anaweza kuibeba hiyo kitu mpaka mtoto wa dereva wa Tunduma akarudisha nyuma mara tatu. Nimeshaeleza hapo juu, ukisema "mimi" kwa niaba ya mwenzio, inaingia.

Cha Hodor nakigusa tu. 2016, Game of Thrones, sizoni ya sita episodi ya tano, lile jitu la upole ambalo toka mwanzo neno lake ni moja tu, jina lake, Hodor, na tunakuja kujua jina lenyewe limetoka kwenye amri ya kushikilia mlango, "hold the door", iliyopigwa kelele mpaka maneno yakasagika mdomoni mwake akiwa mtoto, na atakufa anaushikilia huo mlango ili wenzie wakimbie. Nilikuwa namtafsiria mke wangu, ndo kwanza tumeoana, nikakwama. Shikilia mlango, shikimlango, haifiki Hodor hata ufanyeje. Nilisimamisha nikamweleza kwa Kiingereza chake, herufi kwa herufi, nikijua nimeua kipande. Mke wangu akafikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo maisha yake yote alikuwa anapiga hodi." Kiingereza hakina hiyo. Nilimwangalia mwanamke huyu nikasema hapa nimeoa.

Na nikipiga hodi kwa bibi Tukuyu siku hizi namkuta mbele ya tivii yake mwenyewe, flati, mjomba ndo kanunua. Umri umeenda, masikio yapo vizuri ila magoti hayataki. Anaangalia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, masultani, wake wenza, sumu kwenye vikombe, anajua kila jina. Mkalimani hahitajiki tena. Mwezi wa nne nilikuwa kwake, nimekaa chini karibu na tivii pale pale pangu pa zamani, tangazo likaingia akaniuliza, "Mume wangu, ile Isidingo inaonyeshwa wapi siku hizi?"

Nikamwambia bibi iliisha, Machi 2020, baada ya karibu miaka 22.

"Na yule binti?"

Hakumtaja jina na sikuuliza binti yupi. Nikaanza kumwelewesha kwamba yule binti ni mwigizaji, jina lake la kweli ni Hlubi Mboya, akanikata, "Najua ni mwigizaji, mi sio mtoto. Nimekuuliza yuko wapi."

Nikatoa simu nikatafuta, nikapata picha yake, anacheka. Nikampa. Bibi akaivuta miwani, akaisogeza simu mbali halafu karibu, akanirudishia akasema nimkuzie hapa usoni. Nikakuza, nikampa tena. Akaweka kidole gumba kwenye kioo, picha ikaruka, nikairudisha, akaweka tena, taratibu safari hii, pembeni ya mdomo.

"Ndaga," akasema, ndo asante kwa Kinyakyusa. "Bado anayo."

Ile ya Kituruki ilikuwa imesharudi, masultani wanagombana. Bibi alikuwa bado ameshika simu yangu.